Fundi Amefunga Duka: Utaipataje Mali Yako?

Sisi watu wa Kataboi hatuna fundi wa kila kitu karibu. Injini ya boti ikikataa kuwaka, cherehani ikianza kukata uzi, au betri ya sola ikishindwa kushika chaji, tunaifunga kwa kamba juu ya lori au pikipiki na kuipeleka Kalokol au Lodwar. Wengine hufika mpaka Kakuma. Tunamwachia fundi, tunaandika namba yake ya simu, tunarudi nyumbani. Fundi amesema, "Rudi baada ya wiki mbili."

Wiki mbili zinakwisha. Unalipa nauli, unaenda. Lakini wapi! Duka limefungwa kwa kufuli, kibao kimeondolewa, simu ya fundi haipatikani. Jirani anakuambia, "Huyo alihama juzi. Hata sisi hatujui alikoenda."

Watu wengi huishia hapo. Wanalalamika kidogo, wanamlaani fundi, halafu wanarudi nyumbani mikono mitupu. Hasara yake si ndogo. Mvuvi asiye na injini hukodi ya mwenzake, na sehemu ya samaki wake huenda kulipia ukodishaji. Mama aliyekuwa akishona sare za shule huona kazi ikienda kwa mwingine. Kikundi cha akina mama kilichochanga mwaka mzima kununua jenereta hubaki na daftari la michango tu.

Makala hii inataka kueleza jambo moja: duka likifungwa, mali yako haijapotea kisheria. Bado ni yako. Kuna njia za kuifuata, na nyingi hazihitaji wakili wala pesa nyingi. Zinahitaji haraka, karatasi, na mashahidi.

KWA NINI DUKA HUFUNGWA GHAFLA?

Kabla ya kumwita fundi mwizi, uliza kwanza kilichotokea. Sababu ni nyingi, na kila sababu ina mlango wake wa kugonga.

1. Fundi ameshindwa kulipa kodi ya chumba. Mwenye jengo amefunga mlango na kuweka kufuli yake. Hapo vitu vyenu viko ndani bado, na fundi mwenyewe anavitamani pia.

2. Kaunti imefunga duka kwa sababu ya leseni ya biashara. Hapo mlango wa kugonga ni ofisi ya mapato ya kaunti.

3. Fundi ni mgonjwa, amefungwa, au amefariki. Jamaa zake ndio wenye funguo.

4. Fundi amehama. Kakuma hili linajulikana sana. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, na mafundi wengi hodari wa simu, redio na cherehani wamekuwa wakimbizi. Mtu anaweza kungoja miaka mingi kupelekwa nchi nyingine, halafu tarehe ya safari ikaja kwa siku chache tu. Mara nyingi huacha kazi mikononi mwa ndugu au mwanafunzi wake.

5. Mahali penyewe pamebadilika. Maji ya Ziwa Turkana yalipopanda sana kuanzia mwaka 2019 na 2020, watu wa pwani ya ziwa walilazimika kuhamisha nyumba na biashara zao. Kibanda kilichokuwa karibu na maji huenda kiko mtaa mwingine, na fundi ni yule yule.

6. Fundi ameuza vitu vya watu akatoroka. Hili nalo lipo. Lakini lisiwe wazo lako la kwanza, kwa sababu ukianza na matusi, hata yule aliyekuwa tayari kukusaidia atanyamaza.

Kwa hiyo, siku ile ile unapokuta kufuli, zungumza na watu watatu: mwenye duka la pembeni, mwenye jengo au mlinzi wake, na fundi mwingine wa kazi hiyo hiyo. Mafundi wanajuana. Wanaazimana spea. Mmoja wao anajua mwenzake yuko wapi.

MALI NI YA NANI?

Hapa ndipo penye msingi wa mambo yote. Unapompa fundi kitu akitengeneze, humpi kitu kiwe chake. Unamwachia kwa kazi maalum. Yeye ni mtunzaji. Ana wajibu wa kukitunza kwa uangalifu na kukurudishia.

Fundi naye ana haki moja kubwa: kama amekwisha kukitengeneza, anaweza kukizuia mpaka umlipe kazi aliyofanya. Hiyo ni haki yake. Lakini haki ya kuzuia si haki ya kuuza anavyotaka, wala si haki ya kukitumia.

Kwa sababu kitu si cha fundi, madeni ya fundi hayakihusu. Akidaiwa na benki, akidaiwa na chama, akidaiwa na mwenye jengo, hao wote wanadai mali YAKE. Injini yako haiwi mali yake kwa kuwa imelala chini ya meza yake.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema hivyo kwa upana. Kifungu cha 40 kinalinda mali ya mtu. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi wa bidhaa na huduma haki ya kupewa habari anazohitaji, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya huduma mbovu. Wewe uliyepeleka cherehani kwa fundi ni mnunuzi wa huduma. Haki hizo ni zako.

MWENYE JENGO AKISEMA, "NALIPWA KODI KWANZA"

Neno hili watu wengi wamelisikia. Mwenye jengo anasimama mlangoni na kusema, "Hakuna kitu kinatoka hapa mpaka nilipwe kodi yangu." Wengine hulipa kodi ya fundi ili wapate vitu vyao. Usifanye hivyo kabla ya kujua sheria inasemaje.

Kwanza, sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi (Sura ya 293) imeacha nje vitu ambavyo watu wamempelekea fundi ili avishughulikie katika kazi yake. Vitu hivyo havikamatwi kwa deni la kodi la fundi. Maana yake ni kwamba mwenye jengo anaweza kufuata meza, nyundo na spea za fundi, lakini si redio yako.

Pili, wapangaji wengi wa maduka wanalindwa na sheria nyingine (Sura ya 301). Sheria hii inamhusu mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba wa muda usiozidi miaka 5. Kwa mpangaji kama huyo, mwenye jengo hawezi tu kukamata mali kwa kodi bila kibali cha baraza maalum la kodi za majengo ya biashara. Wenye majengo wengi hawana kibali hicho. Wana kufuli tu.

Lakini nenda kwa heshima. Mwenye jengo naye amepata hasara, na pengine anaogopa kwamba akifungua mlango kila mtu atajitwalia. Mwambie hivi:

"Mzee, habari za leo. Pole kwa hasara. Mimi nilileta cherehani yangu hapa, hii hapa karatasi yake na namba yake. Sidai kitu kingine chochote ndani. Naomba tufungue mbele ya chifu, tuandike kilichomo, kila mtu achukue chake kwa kutia sahihi. Vitu vya fundi vibaki kama vilivyo."

Maneno haya yanamtoa hofu. Anajua kwamba hatasingiziwa kesho kuwa ameiba, kwa sababu kila kitu kimeandikwa.

USIVUNJE KUFULI

Hata kama unaiona injini yako kupitia dirishani, usivunje mlango. Ukivunja, wewe uliyekuwa na haki unageuka mshtakiwa. Na kitu kingine kikikosekana ndani, wateja wote watakutazama wewe. Haraka haraka haina baraka, na hapa baraka inayopotea ni kesi nzima.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: Kusanya ushahidi. Tafuta karatasi ya fundi. Kama hakukupa, usikate tamaa. Ujumbe wa M-Pesa uliomtumia rubani wa mazungumzo yenu, yaani malipo ya kwanza, una jina lake, tarehe na kiasi. Kama umeufuta, Safaricom inaweza kukupa taarifa ya malipo yako. Ujumbe wa simu mliozungumza, picha ya kitu, risiti ya dukani uliponunua, jina la dereva aliyekibeba: vyote ni ushahidi. Pikipiki ina kitabu chake na namba ya chesisi. Injini ya boti ina namba iliyogongwa kwenye kibati. Cherehani ina namba kwenye mwili wake. Paneli ya sola ina karatasi nyuma.

Hatua ya pili: Wapate wateja wenzako. Hauko peke yako. Bandika tangazo dogo mlangoni: "Walioacha vitu kwa fundi wa hapa, tukutane Jumatano saa nne." Andikeni orodha moja: jina, kitu, tarehe kilipoletwa, pesa iliyolipwa, pesa inayobaki. Mtu mmoja analeta ugomvi, watu kumi na wawili wanaleta mkutano. Chagueni wawili wa kusema kwa niaba yenu.

Hatua ya tatu: Mwandikieni fundi. Hata kama hayupo, andikeni. Mpeni siku za kujibu. Tumeni kwa simu yake, mpeni ndugu yake nakala, na muweke nakala kwenu. Mfano wa barua uko mwisho wa makala.

Hatua ya nne: Nendeni kwa chifu wa mahali duka lilipo. Si chifu wa Kataboi, kama duka liko Lodwar. Chifu anaweza kuita mwenye jengo, jamaa za fundi na wateja wakae pamoja. Wazee wa mtaa na wasimamizi wa Nyumba Kumi, mpango ulioanza mwaka 2013, mara nyingi wanajua fundi alikohamia. Na msidharau kikao cha wazee chini ya mti. Kifungu cha 159 cha Katiba kinaziambia mahakama zitie moyo njia za upatanisho, pamoja na njia za jadi, mradi zisivunje haki za mtu wala Katiba.

Hatua ya tano: Ripoti polisi mkiona dalili za wizi. Kama kitu chako kimeonekana kikiuzwa, au fundi amekana kwamba ulimpa, nenda kituo cha polisi uandikishe. Omba namba ya OB, uiandike. Polisi hawakusanyi madeni, na ukisema tu "fundi amechelewa" watakuambia ni mambo ya madai. Lakini mtunzaji anayegeuza mali ya mwenzake kuwa yake anaweza kushtakiwa kwa wizi. Eleza ukweli kama ulivyo, usiongeze chumvi.

Hatua ya sita: Mahakama. Hii ni ya mwisho, lakini isikutishe.

MAHAKAMA YA MADAI MADOGO

Zamani mtu akisikia "mahakama" alifikiri ng'ombe watano wa wakili. Mambo yamebadilika. Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ya namna hiyo ilianza Nairobi mwaka 2021. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Sheria yenyewe inataja madai ya kurudishiwa mali inayohamishika, pamoja na mali iliyopotea au kuharibiwa. Yaani kesi ya cherehani yako imo ndani.

Mambo manne ya kukumbuka kuhusu mahakama hii:

- Unaweza kujisemea mwenyewe. Wakili si lazima.
- Haifungwi sana na kanuni ngumu za ushahidi. Ujumbe wa simu na shahidi wa mtaani husikilizwa.
- Sheria inataka uamuzi utolewe katika siku 60 tangu kesi ilipoandikishwa.
- Unaweza kudai kitu chenyewe, au thamani yake kama kimepotea.

Ulizeni kwenye dawati la karani, Lodwar au Kakuma, madai yenu yaandikishwe wapi. Mahali pasipo na mahakama hii, hakimu wa kawaida anasikiliza madai hayo hayo. Ukihitaji msaada wa kuandika, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda huduma ya taifa kwa watu wasio na uwezo, na ofisi ya Haki na Amani ya jimbo inaweza kukuelekeza. Kwa wakimbizi wa Kakuma, yako mashirika ya kisheria yanayohudumia kambi.

Msikae sana. Kwa kawaida dai la mkataba lina miaka 6, na dai la kuharibiwa au kunyang'anywa mali lina miaka 3. Hiyo ni mipaka ya sheria tu. Injini iliyoibwa haingoji miaka mitatu; inavushwa ng'ambo ya ziwa kwa wiki moja.

NA KAMA FUNDI AMEFARIKI?

Hapa tuwe waangalifu, kwa sababu nyumba ina msiba. Ngojeni mazishi yaishe. Halafu nendeni kwa familia pamoja na mzee mmoja anayeheshimika.

Sheria ya urithi inakataza mtu yeyote kuuza au kugawa mali ya marehemu kabla mahakama haijampa mamlaka. Ndugu wengine wakisikia hivyo husema, "Basi hatugusi kitu mpaka kesi ya urithi iishe." Lakini kumbukeni msingi wetu: kitu chako si mali ya marehemu. Hakiingii katika urithi. Njia nzuri ni kufungua duka mbele ya chifu na familia, kuandika orodha mbili, moja ya vitu vya marehemu na moja ya vitu vya wateja, na kila mteja kutia sahihi.

Kama marehemu alikuwa amemaliza kazi na hamjamlipa, lipeni familia. Mjane asipoteze jasho la mumewe kwa sababu kaburi haliwezi kudai. Mteja anayetaka haki naye atende haki.

KAMA UMECHELEWA WEWE

Tuseme ukweli. Mara nyingine duka halikufungwa ghafla. Sisi ndio tuliacha kitu miezi minane, fundi akapiga simu akachoka.

Kenya iko sheria ya kuuza mali isiyochukuliwa (Sura ya 38). Inamruhusu mtu aliyepewa kitu katika biashara yake auze kitu ambacho mwenyewe amekiacha, lakini kwa masharti. Ni lazima atoe ilani, na mwenye mali apewe siku 30 za kuja kulipa na kuchukua. Ndiyo maana unaona matangazo hayo katika magazeti na katika Gazeti Rasmi la Serikali, hasa ya magari yaliyoachwa gereji. Fundi aliyeuza kitu chako kimya kimya, bila ilani, hawezi kujificha nyuma ya sheria hii. Na hata akiuza kwa haki, deni lake ndilo lake. Kinachobaki ni chako.

Kwa hiyo, ukikosa nauli ya kwenda kuchukua, au laga imejaa na barabara haipitiki, mpigie fundi. Mtumie ujumbe ulioandikwa: "Bado nakihitaji. Nitakuja mwezi ujao." Ujumbe huo ni ngao yako.

SIMU NI JAMBO LA PEKEE

Simu iliyobaki dukani haikosi hatari nyingine, kwa sababu ndani yake kuna pesa na siri zako. Siku ile ile unapokuta duka limefungwa:

- Kama laini ilibaki ndani, nenda kwa wakala wa kampuni ya simu na kitambulisho chako, ubadilishiwe laini. Ya zamani itakufa.
- Badilisha namba ya siri ya M-Pesa.
- Tafuta namba ya IMEI kwenye boksi la simu. Ipeleke polisi pamoja na ripoti yako.

Na kama simu, taa au televisheni ulichukua kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo kila siku, iarifu kampuni iliyokukopesha. Mpaka umalize deni, nayo ina haki juu ya kitu hicho, na deni halisimami kwa sababu fundi ametoroka.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Mambo haya yote yangekuwa mepesi kama siku ya kwanza tungefanya kazi ya dakika tano. Kabla ya kumwachia fundi kitu:

1. Taka karatasi. Iwe na jina la fundi, namba ya kitambulisho chake, simu, mahali pa duka, kitu chenyewe na namba yake, tatizo lake, bei ya kazi, pesa uliyotanguliza na tarehe ya kuchukua. Sheria ya Kumlinda Mnunuzi ya mwaka 2012 inamtaka fundi akupe kadirio la gharama kabla ya kazi. Usione haya kuliomba. Kama hajui kuandika, andika wewe, yeye atie kidole.

2. Andika namba ya kitu nyumbani, kabla hakijaharibika. Kwa simu, bonyeza *#06# na IMEI itatokea. Kwa injini, soma kibati. Iandike ndani ya daftari, si kwenye simu hiyo hiyo.

3. Piga picha ya kitu kikiwa dukani, fundi akiwa amesimama karibu.

4. Toa laini na kadi ya kumbukumbu kwenye simu. Fundi akihitaji kujaribu, ana laini yake.

5. Usilipe yote mbele. Lipa ya spea, ukibakiza ya kazi. Na lipa kwa M-Pesa ili alama ibaki.

6. Uliza jina la mwenye jengo na jirani mmoja. Ukirudi ukute kufuli, unajua pa kuanzia.

7. Kitu cha kikundi kisiandikwe kwa jina la mtu mmoja. Karatasi iwe na jina la kikundi, na nakala ibaki kwa katibu.

NENO KWA MAFUNDI

Ndugu fundi, nawe unasoma gazeti hili. Kufunga duka si dhambi. Biashara huja na kwenda. Watu wa Kalokol wanakumbuka kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980, jengo kubwa kuliko yote, nacho kilifanya kazi muda mfupi tu. Kama jengo lile lilishindwa, kibanda chako kikishindwa hakuna wa kukucheka.

Lakini fungeni kwa utaratibu. Pigeni simu kwa wateja. Bandikeni karatasi mlangoni yenye namba ya simu. Vitu visivyochukuliwa vipelekeni kwa fundi mwenzenu anayeaminika, au vikabidhini kwa chifu kwa orodha. Fundi aliyefunga vizuri Lodwar anaweza kufungua tena Lokichar na wateja wakamfuata. Aliyetoroka usiku hawezi kurudi mchana.

MFANO WA BARUA

Kwa: Fundi (jina lake)
Nakala: Mwenye jengo, Chifu wa lokesheni
Tarehe: ..........

KUHUSU: KURUDISHIWA MALI YANGU

Tarehe ........ nilikuachia (kitu, rangi, namba) katika duka lako lililoko .......... ili ukitengeneze. Nilikulipa shilingi ........ Tulikubaliana nichukue tarehe ........

Nilifika tarehe ........ nikakuta duka limefungwa. Kitu hicho ni mali yangu. Naomba nikipate katika siku 14 tangu tarehe ya barua hii, kiwe kimetengenezwa au hakijatengenezwa. Niko tayari kulipa kazi iliyofanyika kulingana na bei tuliyokubaliana.

Nisipopata jibu nitapeleka jambo hili kwa chifu, na baadaye mahakamani, kudai kitu hicho au thamani yake.

Jina, sahihi, namba ya simu, na jina la shahidi mmoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Ni vitu gani vya kikundi chetu viko kwa fundi sasa hivi? Nani ana karatasi yake?
2. Namba za injini, cherehani na jenereta zetu zimeandikwa wapi?
3. Je, wavuvi wa Kataboi wanaweza kuchagua mtu mmoja wa kupeleka vitu Lodwar kwa pamoja, kwa orodha moja na nauli moja?
4. Kuna vijana wetu waliosomea ufundi. Tunaweza kufanya nini ili mmoja wao afungue duka hapa hapa, badala ya kila kitu kusafiri mpaka Lodwar?

Kikao kijacho cha kikundi chenu, anzeni na swali la kwanza. Kama hakuna mwenye karatasi, basi mtu mmoja apande gari wiki hii akaitake, wakati fundi bado yuko dukani.